Sababu Zangu za Kukataa Kurudisha Hudi ya Kijana Wangila

Skimu ya Tongaren,
Alhamisi, mwezi wa saba, kunanyesha.

Kwa Chifu wa lokesheni yetu,

Mheshimiwa Chifu,

Mimi Zakayo Wekoye nina miaka sabini na tisa, na hii ni barua yangu ya nne tangu nizaliwe, kwa hivyo isome ukiwa umekaa. Nimezika machifu sita waliokuwa wananiita ofisini kama vile wewe unaniita. Nimemaliza fahali nane, nzige mara mbili, na paa mbili za kanisa. Nimemaliza pia daktari moja pale Kitale aliyeniambia nimebakisha miezi sita. Yeye tulimzika mwezi wa tano, na mimi ndiye nilishika kamba upande wa kichwa. Meno yangu ni kumi na tisa. Shule nilienda mpaka darasa la tatu, nikaacha kwa sababu mwalimu alianza kurudia yale alikuwa amesema.

Jumanne ulinipa wiki moja niandike barua ya kumwomba msamaha kijana anaitwa Wangila, na nirudishe hudi yake. Ukasema bila hiyo barua, wazee wake kutoka Bungoma hawatakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuongea mahari ya binti yangu Dinah. Na huyo Dinah naye amenipigia simu kutoka Kitale, mahali anauza dawa ya mifugo. Hakunisalimia. Alisema, "Baba, ukikataa kuandika, mimi nahamia kwake Matisi. Bila ng'ombe, bila wazee, bila wewe. Utasikia tu kwa watu nimezaa." Kisha akakata. Huyo ndiye kitinda mimba wangu, Chifu, niliyemfundisha kukamua.

Basi barua ndiyo hii. Msamaha nimetafuta mahali pa kuuweka nikakosa, lakini malalamiko ninayo, na nimeyapanga kwa namba vile serikali inapenda.

1. Hudi yenyewe. Kama kuna mtu ofisini kwako ambaye Mungu amemsaidia asiijue, hudi ni sweta iliyoshonewa kofia mgongoni, na mfuko moja kubwa tumboni ambapo mikono miwili inaingia kutoka huku na huku, inakutana huko ndani kama wezi wawili wanapanga. Mtu wa kazi mikono yake inakutana wapi? Inakutana kwa jembe, hadharani, kila mtu akiona.

Wakati naenda kwa baba ya Nabwile kumwomba anipe Nabwile, nilimpelekea yule mzee koti la kijivu la vifungo vinne, vile mila inasema mzee wa binti avikwe. Na nikampelekea kofia. Koti peke yake, kofia peke yake. Hakuna fundi hata moja katika hii skimu alifikiria kushona kofia kwa koti, na hiyo haikuwa ujinga. Ilikuwa adabu. Kofia ni ya kuvuliwa mbele ya watu. Kofia imeshonwa kwa shingo utaivua namna gani? Unamvulia mtu heshima ukibaki na nusu yake mgongoni?

2. Uchunguzi wangu wa Kitale. Usiseme naongea kitu sijaona. Mwezi uliopita nilienda Kitale juu ya goti langu, nikakaa kwa ngazi ya duka moja la mbolea kutoka saa tatu mpaka saa sita, nikahesabu hudi. Nilifika arobaini na moja nikachoka. Na hao arobaini na moja wote nilijua kazi yao kwa kuangalia tu. Wale wa kofia juu ni wezi. Wale wa kofia nusu wanavuta bangi. Wale kofia iko chini ni wale wa kubeti mpira, wanangojea matokeo. Kijana moja alinikaribia akaniambia, "Niaje, mzee, uko fiti? Nikusaidie kuvuka?" Nilishika fimbo yangu vizuri. Alivuka peke yake.

Ni kweli saa nane nilimkuta yule yule amekaa hospitali, ndani ya hudi, na juu ya hudi ameweka koti jeupe, ati yeye ndiye daktari wa goti. Nilimwambia atoe mkono kwa goti langu mpaka nione kichwa chote. Akacheka, akatoa kofia. Goti limepona kidogo. Hiyo haibadilishi hesabu. Niliandika "bangi" mbele ya namba yake na siwezi kufuta, nilitumia biro.

3. Siku yenyewe. Sasa ingia kwa jambo, Chifu, maana nimesikia umepewa hii habari na watu wenye wanacheka.

Huyu Wangila anakuja Tongaren na pikipiki asubuhi kupandisha ng'ombe za watu kwa mrija wa mbegu, bila fahali. Anaacha pikipiki kwa duka ya Ngige, anatembea na mkoba wake. Wakati ule sikumjua jina, sikujua ni wa Dinah, nilijua tu ni hudi ya kijivu inatembea. Jumatatu, mke wangu Nabwile anatoka kisimani na maji. Hudi ikamwona. Ikavuta kofia mpaka kwa mdomo, ikageukia ua wa Kiptanui, ikasimama pale kama mtu anasoma majani. Jumatano, ilimwona tena, ikaingia ndani ya mahindi yangu na mkoba wake. Ijumaa iliruka ndani ya mtaro, ikalala chini kifudifudi mpaka mama akapita.

Sasa nikuulize. Mwanaume mzima, anaona mama wa miaka sitini na sita amebeba maji, anajificha mara tatu. Wewe kama serikali ungesema nini? Mimi nilisema kile chenye mwanaume yeyote mwenye bibi angesema. Nilipiga filimbi ya Nyumba Kumi, ambayo ni mimi naiweka tangu ile kamati ianze. Kiptanui alitoka na panga. Ngige alifunga duka, akaja na ule mti wa kufungia mlango. Tulimtoa kwa mtaro, nikamfunga mikono mimi mwenyewe na kamba ya fahali yangu, fundo ambalo halijawahi kufunguka.

Kijana hakupigana. Alisema tu, "Mzee, nakuomba, tusiongelee hapa barabarani. Niko na heshima yangu."

Nikamwambia, "Heshima gani inakaa ndani ya kofia? Toa tuione."

Akasema, "Nitatoa, baba. Lakini yule mama asikuje hapa."

Chifu, umewahi kuona mwizi anachagua shahidi? Hapo ndipo nilijua nimeshika mkubwa wao.

4. Mke wangu kutishwa. Nikamwita Nabwile kwa sauti aje amtambue. Akatoka mlangoni, akaona kijana amekaa chini bila kofia, akapiga nduru, akarudi jikoni mbio, mbio ambayo sijaiona tangu tuoane. Alifunika kichwa na ungo. Kutoka huko ndani akaanza: "Wekoye! Mfungue huyo mtoto! Mfungue kabla sijakufa na aibu!" Mimi nikaelewa ametishwa. Kijana naye ameinama ameficha uso kwa magoti, hataki kuangalia upande wa jikoni. Nikaelewa ni dhambi inamlemea.

Kiptanui ndiye alianza. Aliangalia ungo, akaangalia kijana, akaweka panga chini, akacheka mpaka akakaa kwa jiwe. Akasema, "Mzee Wekoye, watu wakioza binti wanafunga ng'ombe. Wewe umefunga mkwe."

Ngige akarudi duka yake bila kusema kitu, na kabla sijapata pumzi simu ya Dinah, ile ya kwanza, ilikuwa imelia.

5. Kuhusu kusema ati sijui mila. Hii ndiyo inaniuma kuliko zote, na naomba uiandike kwa kitabu. Watu wanasema mzee Wekoye, yule anatufundisha mila kila mazishi, ameshindwa kujua mkwe akijificha mama mkwe. Si ni mimi niliwafundisha! Mimi mama mkwe wangu aliishi miaka thelathini bila kuona pua yangu. Alikufa hajui kama nina masikio. Nikisikia anakuja naingia msituni mwili mzima, kichwa wazi, miiba inanikata, nakaa huko mpaka nasikia kikohozi chake kimefika mbali. Hiyo ni heshima. Ina damu ndani yake. Huyu anavuta kamba mbili kwa shingo na amemaliza! Ati amejificha! Heshima ya kamba mbili hiyo!

Na tena hajaleta hata mkia wa ng'ombe. Nani alimruhusu kuanza kuheshimu mke wangu kabla ya mahari? Angesimama, amsalimie kama mtu mwingine yeyote, mimi ningempita bila neno. Ameanza heshima mapema, mbele ya majirani, ili aonekane tayari ni mkwe. Hiyo ni kuingia kwa mlango ambao haujafunguliwa, na kuingia kwa mlango ambao haujafunguliwa inaitwa wizi. Kwa hivyo sikukosea. Nilimshika mwizi, isipokuwa tu sikujua anaiba nini.

6. Fahali yangu. Wewe unamjua Hakimu, fahali yangu. Baba yako alikuwa anakubeba mgongoni ukiwa bila suruali, anakuja na ng'ombe wake kwa babu ya huyu Hakimu, na sikumdai hata chumvi. Tangu mtu wa mrija aanze kuingia hapa na kofia yake, hakuna mtu analeta ng'ombe kwangu. Hakimu amenona, anasimama kwa lango siku nzima akiangalia barabara. Jirani yangu Jerono amepata ndama mwenye mabaka, uzuri wake sikatai, lakini nikamuuliza baba yake ni nani, akanionyesha karatasi. Karatasi, Chifu! Siku huyo ndama akiwa mkubwa aulize baba yangu yuko wapi, ataonyeshwa mtungi wa baridi na mtu wa hudi.

Na sasa nimesikia kwamba ng'ombe wenye wazee wa Wangila wanataka kuniletea Jumamosi ile ni wa mrija pia. Kwa hivyo binti yangu aolewe kwa ng'ombe wasio na baba, na mtu asiye na kichwa.

7. Yule wa suti. Najua utaniambia mabati ya kanisa yaliibiwa na mtu wa suti na tai, na Biblia kwapani. Ni kweli. Pia yule aliyekuja kutuandikisha mbegu ya bure, na hatukumwona tena, alikuwa na suti ya rangi ya maziwa. Pia wale wawili walionyakua shamba la shule. Hiyo ni jambo lingine. Wale watu walisalimia kila mtu kwa jina, wakauliza habari ya watoto, wakakaa wakala. Ukiibiwa na mtu wa namna hiyo, angalau unajua umeibiwa na nani. Mwaka huu wote hudi haijaniibia kitu hata moja, na hiyo ndiyo inanitia wasiwasi. Wanangojea nini?

Kwa sababu hizo, naomba serikali ifanye haya, na isicheleweshe:

Kwanza, hudi zote za lokesheni zikatwe kofia, na kofia zipelekwe kwa ofisi yako kwa gunia. Mtu akiwa na baridi ya masikio aje na barua ya daktari, na daktari mwenyewe asiwe wa hudi.

Pili, mfuko wa tumbo ushonwe katikati, kila mkono ukae na mkono wake.

Tatu, mtu akitaka kujificha mama mkwe aandikishe jina kwa Nyumba Kumi mapema, aseme siku, saa, na ni kichaka gani, ili filimbi isilie bure.

Nne, mahindi ya kando ya barabara yakatwe yakifika kiunoni. Najua hapo tutakosa chakula. Lakini tutaonana.

Tano, ndama wa mrija wasihesabiwe kwa mahari mpaka Hakimu apewe kazi.

Kuhusu hiyo hudi ya kijivu, niliyomvua siku ile nilipomfungua mikono, iko kwangu, nimeitundika kwa msumari nyuma ya mlango kama ushahidi. Ndani iko na manyoya laini kama ya kondoo mdogo, nataja hiyo ili ujue nimeichunguza. Hakuna mtu ameigusa. Nitaileta siku ya kesi, si kabla. Na msamaha, Chifu, utaniwia radhi, mtu wa miaka sabini na tisa akianza kuomba msamaha hajui atamaliza lini; nina foleni ya watu kutoka mwaka wa uhuru.

Nisalimie mama watoto, na mzee wako kama bado anasikia. Msalimie karani wako yule anaandika polepole. Wasalimie askari wa kambi, hata yule alinicheka Jumanne. Jerono anakusalimia. Hakimu ni mzima wa mwili.

Maneno yote hapa juu wanaweza kushuhudia Kiptanui, akiacha kucheka, na Ngige, ambaye hakusema kitu na kwa hivyo hajasema uongo.

Mimi niliye sawa,
Zakayo Wekoye,
Mweka filimbi.

Tena. Barua hii ilikuwa niitume jana lakini mvua ilinizuia, na kuna mambo yametokea, kwa hivyo naongeza hapa chini. Karatasi ni moja, siwezi kuanza upya.

Pale nimesema hakuna mtu ameigusa hiyo hudi, andika hakuna mtu mwingine.

Nilikuwa natafuta ukweli. Nilitaka kujua kama mtu akiivaa anaingiwa na mawazo ya wizi. Niliivaa saa moja asubuhi, nikakaa nayo nusu saa kwa kiti, kofia juu, mikono imekutana huko ndani. Sikufikiria kuiba kitu. Nilifikiria chai. Masikio yangu, Chifu, yana baridi tangu mwezi wa nne, nilikuwa nimesahau kwamba si lazima. Basi nikatoka nayo kidogo, kuonyesha Hakimu.

Unajua mwanangu Festus alioa Chepkosgei kutoka Saboti. Msichana mzuri, sina neno. Lakini kwao hawaogopi baba mkwe. Miaka minne akiniona barabarani anakuja mbio amenyoosha mkono, "Habari ya asubuhi, Baba!" Na mimi mila hainiruhusu hata kumwona kivuli. Kwa hivyo miaka minne naruka. Nimeruka mtaro, nimeingia kwa nyasi ya nepia ya Jerono, na hili goti nililiumiza nikiruka kuingia zizi la Hakimu. Daktari aliniuliza nilianguka namna gani, nikamwambia ni uzee.

Leo nilimwona anakuja, mimi niko kwa ua wa Kiptanui. Upande moja ua, upande mwingine matope mpaka magoti, na goti lenyewe likasema haliruki. Nilifanya nini? Nilivuta hizo kamba mbili. Kofia ikafika kwa kidevu. Nikageukia ua, nikaanza kusoma majani.

Alisimama nyuma yangu. Akasema, polepole, "Wangila, pole bana kwa vile mzee alikufanyia. Usikasirike, atakuja kukushika mkono siku moja. Hana ubaya. Ni uoga tu. Dinah ndiye wa mwisho kutoka pale nyumbani, na hajui kuisema, kwa hivyo anapiga filimbi." Kisha akapita.

Niliendelea kusoma majani mpaka nikasikia hatua zake zimefika mbali.

Kwa hivyo waambie wazee wa Bungoma waje Jumamosi ile. Ng'ombe wawe wa mrija, wawe wa nini, nitawapokea, Hakimu atawazoea. Nabwile ameshaanza kukandika sakafu. Mwambie kijana asiniombe nirudishe hii hudi, atanielewa. Na lile koti la mila, la mzee wa binti, asihangaike na fundi wa vifungo vinne. Ajinunulie hudi nyingine hapo Kitale, ya kwangu ninayo. Dinah mwambie simu yangu iko na chaji.

Sheria zile tano ulizosoma zikae kwanza kwa sanduku lako.

Shahidi wa haya ya mwisho ni Chepkosgei. Muulize alimwambia nani pole pale kwa ua wa Kiptanui. Mimi siwezi kumuuliza. Lakini nakuomba, Chifu, usimwambie ndani ya hudi alikuwa nani.

Z. W.